Uzi: Upevukaji na ubora wa mayai katika IVF, na kwa nini idadi peke yake haitoshi

Mwanamaabara (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika maabara ya upandikizaji mimba, yaani IVF, upande wa viinitete (mayai yaliyotungishwa na kuanza kukua), kwa hiyo mimi si daktari wa kuandika dawa. Mimi ni yule anayepokea majimaji kutoka chumba cha uvunaji wa mayai na kulitafuta yai ndani yake chini ya hadubini. Katika nyuzi nyingi za humu nimeona watu wakiulizana swali moja tu baada ya uvunaji: umepata mangapi? Anayejibu kumi na nane hupongezwa, anayejibu manne hupewa pole, na mara nyingi pongezi na pole hizo hutolewa kabla ya wakati wake. Idadi ya mayai, upevukaji wake na ubora wake ni mambo matatu yanayoamuliwa na vitu tofauti, na mgonjwa anayeyachanganya hujikuta analipia kisichomsaidia, au anakata tamaa pasipo sababu.

Nianze na upevukaji, kwa kuwa ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Mwanamke hatengenezi mayai mapya kila mwezi. Mayai yake yote yaliumbwa alipokuwa tumboni mwa mama yake: kijusi cha kike cha miezi mitano kina takriban mayai milioni 6 hadi 7, mtoto huzaliwa na milioni 1 hadi 2, msichana huvunja ungo akiwa na laki 3 au 4, na katika miaka yake yote ya hedhi mayai yatakayotoka ni 400 au 500 hivi. Mayai hayo huanza kugawanya kromosomu zake (vibebaji vya urithi) kabla mtoto hajazaliwa, kisha husimama katikati ya kazi hiyo, na hukaa yamesimama kwa miaka 15, 30 au 40 mpaka zamu yake ifike.

Kinacholizuia yai lisiendelee ni seli za folikeli, yaani kifuko cha maji ndani ya ovari kinacholihifadhi, ambazo hulipitishia kemikali za kulituliza kupitia vijia vidogo sana. Homoni ya LH inapopanda ghafla katikati ya mzunguko wa hedhi, vijia hivyo hufungwa, kemikali hizo hupungua, na yai huendelea na kazi lililoiacha. Kiini chake kikubwa huyeyuka, kromosomu hujipanga, nusu yake husukumwa nje pamoja na kichembe kidogo kinachobaki pembeni mwa yai chini ya utando wake, na nusu nyingine hubaki ndani kuisubiri mbegu ya kiume. Yai lililofika hapo ndilo pevu, na kwenye karatasi za hospitali utaliona limeandikwa MII. Lisilofika hapo haliwezi kutungishwa ipasavyo, hata mbegu ziwe nzuri kiasi gani.

Muda ambao kazi hiyo huchukua uliwasumbua watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1935 Gregory Pincus alionyesha kuwa mayai ya sungura yaliyotolewa kwenye folikeli hupevuka yenyewe ndani ya chombo cha maabara, na mwaka 1939, pamoja na mwenzake Saunders, alidai kuwa ya binadamu nayo humaliza ndani ya saa 12. Robert Edwards wa Uingereza alipoanza kuyachunguza mayai ya binadamu, aliyaangalia kwa kuifuata hesabu hiyo na hakuona kitu. Alipoamua kusubiri zaidi ya siku nzima ndipo alipoona kromosomu zikijipanga, na mwaka 1965 alichapisha katika jarida la Lancet kwamba yai la binadamu linahitaji takriban saa 36. Mimi naona hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila tunachokifanya leo. Kwa kuijua, yeye na daktari Patrick Steptoe na mwanamaabara Jean Purdy waliweza kukadiria saa ya kulichukua yai kabla halijatoka lenyewe, na Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978 alitokana na yai moja tu la mzunguko wa kawaida, bila dawa za kukuza mayai, baada ya kufuatilia homoni ya LH katika mkojo wa mama yake.

Siku hizi hatusubiri LH ipande yenyewe. Mwanamke huchomwa sindano za kukuza folikeli kwa siku kumi hivi, na folikeli mbili au tatu kubwa zikifikia milimita 17 au 18 kwenye ultrasaundi, hupewa sindano ya mwisho ya kupevusha, ambayo huwa ni hCG au dawa inayoufanya ubongo wake mwenyewe uachilie LH. Uvunaji hufanyika saa 34 hadi 36 baadaye. Ukitangulia sana, mayai mengi yatakuwa bado machanga na mengine hayatabanduka kwenye kuta za folikeli; ukichelewa sana, yatakuwa yameshatoka na kuangukia tumboni. Kumbukeni pia kuwa folikeli hazikui kwa mwendo mmoja: zile za milimita 12 hadi 19 siku ya sindano ndizo hutoa mayai mengi mapevu, na zilizo chini ya 10 hutoa machache sana, ingawa zote huhesabiwa unapoambiwa "una folikeli 22."

Majimaji yakifika kwetu, mengine ya manjano na mengine mekundu kwa damu, tunayamimina kwenye kisahani kilichopashwa nyuzi 37. Yai lenyewe lina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini linatambulika kwa sababu limezungukwa na seli nyingi zilizoshikana kwa ute unaovutika. Hapo ndipo hesabu ya kwanza hutolewa, na ndiyo anayoisikia mgonjwa akiwa bado na usingizi wa dawa. Mpaka wakati huo hatujui lipi pevu na lipi changa. Kama mbegu itadungwa ndani ya yai kwa njia ya ICSI, ambayo watoto wake wa kwanza waliripotiwa kutoka Brussels mwaka 1992, tunalivua yai seli zake kwa kimeng'enya na mrija mwembamba sana, na ndipo tunapoona. Kichembe cha pembeni kikiwepo, yai ni pevu. Kisipokuwepo, na kiini nacho hakionekani, limefika katikati na linaitwa MI. Kiini kikubwa cha duara kikiwa bado kipo, halijaanza kabisa na linaitwa GV. Katika IVF ya kawaida, ambapo mbegu huachwa ziliingie yai zenyewe, seli hizo hatuziondoi siku hiyo, na ukweli hujulikana kesho yake.

Kwa wastani mayai 75 hadi 85 kati ya 100 yanayovunwa huwa mapevu. Kwa hiyo aliyevunwa mayai 10 atarajie kama 8 mapevu, 6 hivi yatakayotungishwa, na labda viinitete 3 vitakavyofika siku ya tano tangu kutungishwa, tayari kuhamishiwa kwenye mji wa mimba. Huo ndio mwendo wa kawaida, na hakuna aliyekuibia mayai.

Ubora sasa. Yai linaweza kuwa pevu, la duara, angavu, lenye kichembe kizuri cha pembeni, na bado likawa na kromosomu moja zaidi au pungufu. Hilo halionekani kwa hadubini yangu wala ya mtu mwingine. Protini zinazozishikanisha kromosomu ndani ya yai ziliwekwa mwanamke akiwa kijusi, na kadiri miaka inavyopita hulegea, hivyo siku ya kugawana kromosomu mgawanyo huenda mrama. Katika viinitete vilivyopimwa, vyenye kasoro ya kromosomu huwa kama robo kwa wanawake wa miaka 30, theluthi kwa wa 35, zaidi ya nusu kwa wa 40, na kwa wa 44 hukaribia tisa kati ya kumi. Sindano ya kupevusha inaweza kurekebishwa safari ijayo. Umri wa yai hakuna dawa inayourudisha nyuma. Karibuni kwa maswali.

Nesi wa Zamu

Mtoa mada, nashukuru kwa maelezo haya. Naomba niongezee jambo ambalo nimelishuhudia mara kadhaa, nalo ni la saa. Mgonjwa huandikiwa kwenye karatasi "10:00 PM" kwa sindano ya kupevusha, naye akiisoma nyumbani pamoja na mumewe wanaielewa kuwa ni saa kumi usiku, wanaweka kengele ya simu, na wanachoma alfajiri wakidhani wamefuata maelekezo barabara. Uvunaji ukiwa umepangwa Jumatano saa nne asubuhi, sindano ya Jumatatu saa nne usiku ingempa saa 36 kamili, lakini hiyo ya saa kumi alfajiri ya Jumanne inampa saa 30 tu. Siku hizi ninamwandikia mgonjwa kwa maneno, "Jumatatu usiku, saa nne, baada ya taarifa ya habari na kabla ya kulala," kisha ninamwomba anirudishie kwa kinywa chake, na ninamtaka anipigie simu akishachoma.

La pili ni dawa ya unga. Kuna hCG inayokuja na vichupa viwili, unga na maji yake, na wapo waliojichoma maji matupu wakauacha unga ndani ya chupa. Zile zilizo tayari kwenye bomba la sindano zinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, si mlango wa gari kutoka Posta mpaka Mbagala saa nane mchana.

Mwanamaabara

Nesi, umenena. Ikitokea folikeli nyingi zimenyonywa na hakuna yai hata moja, jambo la kwanza tunalolichunguza ni kama sindano iliingia mwilini. Kwa aliyechomwa hCG, kipimo cha kawaida cha mimba cha mkojo kinapaswa kuonyesha mistari miwili siku ya uvunaji, kwa kuwa hCG ndiyo hiyo hiyo homoni ya mimba. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi akina dada msijipime mimba nyumbani siku chache baada ya kuhamishiwa kiinitete: dawa hiyo inaweza kubaki mwilini hata siku kumi na zaidi, ikawapa furaha isiyo na msingi.

Mama Mtarajiwa

Habari zenu. Mimi nina miaka 29, na daktari alisema ovari zangu zina vifuko vingi vidogo, yaani PCOS. Nilivunwa mayai 20 na nyumbani tulishangilia, kumbe mapevu yalikuwa 7 tu. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, amesema kuwa mayai yangu hayana ubora na kwamba nifikirie yai la kuchangiwa. Je, ni kweli? Na yale 13 hayawezi kusaidiwa?

Mwanamaabara

Pole na hongera, dada, kwa maana katika jambo lako vyote viwili vina nafasi. Kwa heshima zote kwa shemeji yako, hitimisho hilo limekwenda mbali kuliko ushahidi. Umri wako ni 29, na umri ndio unaotawala kromosomu kuliko kitu kingine chochote tunachokijua. Mayai saba mapevu ya mwanamke wa miaka 29 ni mtaji wa kweli. Kilichokwenda kombo kwako ni upevukaji, na katika PCOS hilo lina sababu zake za kuuliza kabla ya kuyalaumu mayai.

Ya kwanza ni ukubwa wa folikeli. Katika PCOS folikeli nyingi huanza kukua kwa pamoja, na daktari akiogopa ovari zisichochewe kupita kiasi, hali ambayo hujaza maji tumboni na inaweza kuhatarisha maisha, huweza kutoa sindano ya kupevusha mapema kidogo, wakati nyingi bado ziko milimita 10 au 11. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara kabisa kwa usalama wako na bado ukapunguza mayai mapevu. Ya pili ni aina ya sindano. Kwa wagonjwa kama wewe, mara nyingi hutumiwa ile inayouchochea ubongo utoe LH badala ya hCG, kwa sababu hupunguza sana hatari hiyo, na viinitete hugandishwa ili vihamishwe mwezi mwingine ovari zikishatulia. Hata hivyo wapo wanawake wachache ambao ubongo wao hautoi LH ya kutosha, na njia ya kujua ni kupima LH katika damu asubuhi inayofuata sindano. Ya tatu ni saa, ambayo Nesi ameieleza vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo omba nakala ya karatasi yako inayoonyesha ukubwa wa kila folikeli siku ya sindano, jina la dawa ya kupevusha, saa iliyochomwa, saa ya uvunaji, na kati ya yale 13 ni mangapi yalikuwa MI na mangapi GV. Mengi yakiwa MI, huenda yalihitaji muda kidogo tu. Yakiwa karibu yote GV, inafaa kuulizia sindano yenyewe au udogo wa folikeli. Daktari anaweza kuongeza siku moja ya kukuza folikeli, kurefusha muda kuelekea saa 36 au kupita kidogo, au kuchanganya dawa mbili za kupevusha safari ijayo.

Kuhusu kuyasaidia: yai la MI wakati mwingine hupevuka lenyewe kwenye kabati letu la joto baada ya saa chache, na huwa tunalidunga mbegu jioni au kesho yake. Matokeo yake ni hafifu kuliko ya yai lililofika likiwa pevu, ila watoto wamezaliwa kwa njia hiyo. GV lililolala usiku kucha likaamka asubuhi silitegemei.

Kuna kundi dogo sana la wanawake ambao mayai yao yote husimama mahali pale pale, mzunguko baada ya mzunguko, chochote kitakachobadilishwa. Mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha kuwa baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo TUBB8, inayohusika na nyuzi zinazozivuta kromosomu wakati wa kugawana. Hao ndio ambao mazungumzo ya yai la kuchangiwa huja mapema. Wewe, mwenye saba mapevu, huonekani kuwa miongoni mwao.

Mchambuzi wa Kisumu

Bwana Mwanamaabara, nimesoma mahali kwamba mayai machanga yanaweza kuvunwa makusudi na kupevushwa nje ya mwili, bila zile sindano nyingi. Kama ni kweli, mbona dada huyu hakupewa njia hiyo?

Mwanamaabara

Ni kweli, na inaitwa IVM. Timu ya Cha nchini Korea Kusini iliripoti mimba ya kwanza ya njia hiyo mwaka 1991, na mwaka 1994 kundi la Trounson huko Australia likaripoti mafanikio kwa mwanamke mwenye PCOS. Vietnam, hasa katika Hospitali ya Mỹ Đức mjini Ho Chi Minh, imeifanyia kazi kwa bidii, na mwaka 2021 chama cha Marekani cha tiba ya uzazi kilitamka kuwa isihesabiwe tena kuwa ya majaribio. Faida yake kubwa ni kuondoa karibu kabisa ile hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi, na kupunguza sindano. Upungufu wake ni kwamba viinitete vinavyopatikana kwa kila mzunguko huwa vichache kuliko vya IVF ya kawaida, na inahitaji maabara iliyozoea, yenye vimiminika maalumu na watu wanaoifanya kila wiki. Kituo kinachoifanya mara moja kwa mwaka ningekikwepa.

Msukuma wa Kahama

Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu ana miaka 36 na tunajiandaa na mzunguko wa kwanza. Kwenye simu yangu sasa hivi kila nikifungua naona matangazo ya vidonge vya "kuimarisha mayai," vingine vinauzwa kwa bei ya mbuzi wawili, na dada mmoja amempa mke wangu dawa ya majani ya "kusafisha kizazi." Nataka kujua kipi kina maana, kwa sababu fedha ni ya kupanga.

Mwanamaabara

Mkuu, nitasema kwa ufupi kuliko matangazo. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, aanze sasa. Kazi yake ni kumkinga mtoto na hitilafu za uti wa mgongo na ubongo, haihusiki na ubora wa yai, na ni ya bei nafuu. Koenzaimu Q10 ina hoja ya kibayolojia, kwa sababu yai pevu lina mitokondria nyingi kuliko seli nyingine yoyote mwilini na hizo ndizo zinazolipa nishati. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha mayai mengi zaidi kwa baadhi ya wanawake, lakini ushahidi kwamba watoto wengi zaidi wanazaliwa bado ni dhaifu. Akiitaka na daktari akikubali, si mbaya. DHEA ni homoni, inaweza kuleta chunusi na nywele za usoni, na haifai kununuliwa mtandaoni bila vipimo. Kudunga damu iliyochujwa ndani ya ovari ni jambo la utafiti, na anayekutoza kana kwamba limethibitika anakutoza kwa matumaini.

Majani ya kusafisha kizazi ningeyaacha kabisa, hasa yale ya kuweka ukeni. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, na hatujui majani hayo yanagongana vipi na dawa za sindano.

Kinachojulikana kwa uhakika kuwa kinaharibu ni tumbaku: wavutaji hukoma hedhi mapema kuliko wasiovuta, kwa mwaka mmoja au zaidi, na shisha ni tumbaku hata ikinukia tufaha. Uzito uliozidi sana nao hupunguza mafanikio. Folikeli huchukua karibu miezi mitatu kutoka hatua ya udogo mpaka ovulesheni, kwa hiyo mabadiliko yoyote ya maisha yahesabiwe kwa miezi. Kidonge cha wiki mbili kabla ya uvunaji kimeshapitwa na wakati. Ila kwa mwanamke wa miaka 36 siwezi kushauri kusubiri mwaka mzima "kuandaa mayai," kwa maana mwaka huo utamgharimu zaidi ya kitakachopatikana. Na wewe mwenyewe, Mkuu, mbegu huchukua takriban siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo sigara zako, kama unavuta, zinahesabiwa pia.

Bi Arobaini na Moja

Nimefuatilia kwa makini na naandika kwa mara ya kwanza. Nina miaka 41, kipimo cha homoni ya AMH ni 0.6, na nimeambiwa kuwa mayai yangu "yamekwisha na yaliyobaki ni mabovu." Tumeoana miaka mitatu. Jirani yangu ananitia moyo kwa mfano wa yule bibi wa Uganda aliyejifungua akiwa na miaka 70. Naomba kuelezwa bila kufichwa.

Mwanamaabara

Shikamoo dada. Nitajitahidi kukueleza kama ulivyoomba.

AMH hutolewa na seli za folikeli ndogo, kwa hiyo hupima takriban ni folikeli ngapi zinapatikana, na humsaidia daktari kukadiria dozi ya sindano na mayai atakayoyavuna. Haipimi ubora. Msichana wa miaka 28 mwenye AMH 0.6 na mwanamke wa 41 mwenye AMH hiyo hiyo wanaweza kuvunwa idadi sawa ya mayai, lakini mayai hayo hayalingani kwa kromosomu. Hata kwa kushika mimba kwa njia ya kawaida kipimo hicho hakitabiri kama watu wanavyodhani: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, haukuona wenye AMH ndogo wakichelewa kushika mimba kuliko wenzao. Kwa hiyo sentensi uliyoambiwa imechanganya mambo mawili. AMH yako inasema mayai yatakuwa machache kwa kila uvunaji. Umri wako ndio unaosema kuwa zaidi ya nusu ya viinitete huenda visiwe na kromosomu sahihi. Hakuna kati ya hayo mawili linalosema "yamekwisha."

Kwa vitendo ina maana kwamba ukivunwa mayai manne, moja au mawili yanaweza kufika siku ya tano, na unaweza kuhitaji zaidi ya uvunaji mmoja ili kupata kiinitete kimoja kilicho sawa. Kipimo cha kromosomu cha kiinitete kinaweza kukupunguzia kuhamishiwa visivyofaa na kuharibikiwa mimba, lakini hakikigeuzi kiinitete kibovu kuwa kizuri, nacho kina gharama yake. Kaa na mumeo mpange kwa mizunguko miwili au mitatu tangu mwanzo, au mwamue kikomo chenu mapema, kwa sababu uamuzi huo ni mgumu sana kuufanya siku ya matokeo.

Kuhusu yule bibi wa Uganda, aliyejifungua pacha mjini Kampala Novemba 2023, jirani yako anakupenda lakini mfano hauendani. Hospitali yenyewe ilieleza kuwa yai lilikuwa la mchangiaji. Mji wa mimba, ukiandaliwa kwa homoni, unaweza kubeba mimba muda mrefu baada ya hedhi kukoma. Yai hubaki na umri wa aliyelitoa. Anayetumia yai la mchangiaji wa miaka 25 ana viwango vya mafanikio vinavyokaribia vya mwanamke wa miaka 25. Wapo wanaoridhia njia hiyo, na wapo ambao dini au familia haiwaruhusu, na hilo si jambo la mtu wa maabara kuwaamulia.

Swali langu kwako: katika miaka mitatu, mumeo amepimwa nini?

Bi Arobaini na Moja

Marahaba, mdogo wangu, na asante. Nimemaliza kusoma jibu lako pamoja naye. Hajapimwa chochote. Mimi nimepigwa picha ya mirija, nimepimwa homoni mara mbili, nimetumia dawa za kupevusha mayai miezi sita, na hakuna aliyewahi kumwandikia kipimo. Amekubali, ila anauliza aende vipi.

Mwanamaabara

Aende wiki hii. Asimwage manii kwa siku mbili hadi saba kabla ya kipimo, sampuli yote iingie chomboni bila kumwagika, asitumie kondomu ya kawaida wala mafuta, na kama hataitolea pale pale maabara, ifike ndani ya saa moja ikiwa imetunzwa karibu na mwili isipoe. Atoe taarifa kama aliugua homa kali miezi mitatu iliyopita. Majibu yakiwa na kasoro, kirudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamua lolote. Na zile dawa za kupevusha mayai ulizotumia miezi sita, usinunue tena dirishani mpaka majibu yake yatoke na daktari ayaone pamoja na yako.